Uzoefu wangu: kipimo kamili cha macho, Tanga mjini

Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, nimeshavuka miaka 40, na nilichokifuata kliniki ni miwani. Kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa lazima niite mtoto. Maduka ya miwani yapo mjini na wanapima, ila nilitaka daktari wa macho, kwa sababu marehemu baba aliondoka haoni. Mtaani walisema ana mtoto wa jicho, asubiri likomae. Alipofika hospitali ikaonekana ni presha ya macho, na ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Mtoto wa jicho ni lenzi kuingia ukungu, inatolewa na kuwekwa ya bandia, mtu anaona tena. Presha ya macho ikishakula, imekula.

Kwanza unasoma herufi ukutani, jicho moja moja. Nilisoma mpaka mistari ya chini. Karibu ndiko kulikonishinda. Daktari akasema lenzi hunenepa ukitazama karibu na kubapa ukitazama mbali, ila umri ukisogea inakakamaa. Si ugonjwa, miwani ya kusomea inatosha. Dukani ingeishia hapo.

Yeye hakuishia hapo. Nikadondoshewa dawa ya ganzi na rangi ya manjano, nikaegemeza kidevu kwenye darubini, kitu kidogo chenye mwanga wa buluu kikagusa kioo cha jicho. Hakiumi kabisa. Nesi, binti mdogo, alinishika kisogo akaniambia, "Mama, usikaze, pumua tu." Hapo inapimwa presha ya jicho, na kawaida ni kati ya 10 na 21. Langu la kulia lilisoma 28, la kushoto 25.

Hapa ndipo daktari alipopata nyota zangu zote. Alitulia akanieleza. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote, yanalisha lenzi na konea, yaani kile kioo cha jicho, kisha yanatokea pembeni, pale konea inapokutana na ile sehemu yenye rangi. Njia ya kutokea ikizidiwa, presha inapanda na kuuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa kawaida kinachoanza kupotea ni cha pembeni, bila maumivu, ndiyo maana mtu anasoma herufi zote na huku ugonjwa unatembea. Baba alikuwa akijigonga kwenye miimo ya milango, na bado akikutazama usoni anakujua. Sisi tukidhani ni uzee.

Akasema tena kwamba namba peke yake haitoshi: wapo wanaoumia mshipa na presha yao ni ya kawaida. Kwa hiyo alinipanua mboni akatazama nyuma ya jicho, akapiga picha, akageuza skrini nione mwenyewe jinsi kishimo cha katikati ya mshipa wa jicho la kulia kilivyoanza kupanuka. Kuna na kipimo cha pembeni: unatumbukiza uso kwenye mashine, unatazama mbele tu, unabonyeza kitufe kila uonapo kitaa kikiwaka. Kinachosha, lakini msiombe kukiruka. Changu kilionyesha pengo dogo tu, upande wa pua.

Yasiyonipendeza: foleni ilinishikilia mpaka adhuhuri ikapita, na hakuna aliyenitahadharisha kuhusu dawa ya kupanua mboni. Kwa saa kadhaa karibu kote ni ukungu na jua la Tanga linachoma macho. Nendeni na mtu wa kuwarudisha, na asiyekuwa naye asiendeshe pikipiki. Vipimo vililipwa na bima, miwani nimelipa mwenyewe.

Sasa natia tone moja kila jicho usiku, kisha nabana kona ya ndani ya jicho kwa kidole ili dawa isikimbilie puani. Chupa yangu ikishafunguliwa inatupwa baada ya wiki 4 hata kama imebaki, kwa hiyo nanunua nyingine mapema. Marudio ya kwanza presha ilikuwa imeshuka chini ya 20 macho yote mawili. Daktari ametaka ndugu zangu wa tumbo moja wapimwe, maana ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Dada wa Pangani ameshapimwa, yuko salama. Kaka wa Muheza nitampeleka mwenyewe.