Seti ya mawe ya Grinlandi: rubi safi, lebo mbovu

Mawe manane, vipande vitatu vya hadubini (mwamba uliosagwa mwembamba mno juu ya kioo) na kijitabu: ndivyo vilivyomo katika sanduku hili linalouzwa mtandaoni na duka moja la Ulaya, kwa ajili ya walimu wa jiolojia na wachonga vito. Mawe matatu yanastahili bei yake. Mengine ni ya kujaza nafasi, na lebo lazima ziandikwe upya kabla hazijamfikia mwanafunzi.

Linalobeba seti nzima ni rubi ikiwa bado ndani ya mwamba wake, kutoka eneo la Fiskenæsset, kusini mwa Nuuk, mji mkuu wa Grinlandi. Kipande kinakaribia ukubwa wa kiberiti. Rubi zenyewe ni za waridi iliyokolea, zimezungukwa na mika ya kahawia na amfiboli (kundi la madini ya fuwele ndefu) ya kijani, na mpangilio huo ndio somo lenyewe. Rubi ni alumini na oksijeni, pamoja na kromi kidogo inayoipa wekundu. Silika, yaani silikoni na oksijeni, ikiwa nyingi, rubi haizaliwi. Huko Fiskenæsset, anothositi, mwamba mweupe wenye alumini nyingi, ilibanwa kwenye joto kali ikiwa imepakana na mwamba mweusi wenye magnesi nyingi na silika haba. Silika ikahamia upande mweusi, alumini ikabaki bila mwenzake, rubi ikaota mpakani. Anayeyajua machimbo ya Umba, mkoani Tanga, ataukumbuka mchezo huo: kule ni pegmatiti, mwamba wa fuwele kubwa, iliyonyang'anywa silika na serpentiniti, mwamba wenye magnesi nyingi. Kwa hiyo ukiletewa kipande cha aina hii chenye kwatzi nyeupe, ambayo ni silika tupu, iliyogusana na rubi, huenda kimeungwa na mtu: chukua lenzi ya mara kumi utafute gundi.

Pembeni mwa rubi kuna punje za buluu iliyofifia, ndogo kama mtama. Lebo inaziita safaya. Si safaya, ni safirini, madini mengine kabisa ya magnesi, alumini na silika, yaliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1819 kutoka Fiskenæsset hapo hapo. Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10 ni 7.5, wa safaya, kama wa rubi, ni 9, hivyo kona ya rubi inaikwaruza bila taabu. Duka linalouza mawe ya Fiskenæsset halafu likakosea hili halina udhuru. Tena koneripini, madini mengine ya eneo hilo, iliyotambuliwa huko mwaka 1884 na inayojulikana kwa wanunuzi wa vito vya kijani vya Kwale, haimo sandukuni.

Jiwe la pili la maana ni nuumiti, jeusi lenye miale ya dhahabu na buluu. Ni mchanganyiko wa amfiboli mbili, gedriti na anthofiliti, zilizojitenga kwa matabaka membamba mno wakati mwamba ulipokuwa ukipoa. Mwanga ukiyapiga matabaka hayo ndipo rangi inapotoka. Kipande cha seti hii ni halali, ila kimekatwa vibaya. Msumeno umepita kukingama na sindano za amfiboli, kwa hiyo upande mpana umezima na rangi yote imekimbilia ukingoni. Ukitaka kukikata upya, kiloweshe, kizungushe chini ya tochi hadi miale iwake, weka alama ya wino, kisha kata sambamba na uso huo. Usilazimishe msumeno, kwa kuwa amfiboli hupasuka kwa urahisi kufuata mistari yake.

Nuumiti bandia ni nyingi sokoni, hasa vioo vyeusi. Kuipima kunahitaji mzani wa vito, kikombe cha maji na uzi. Pima jiwe likiwa kavu. Weka kikombe cha maji kwenye mzani, uusawazishe usome sifuri, kisha tumbukiza jiwe likiwa limening'inia kwenye uzi, lisiguse chini wala ubavuni. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba inayosomeka sasa. Kipande hiki kina gramu 31.4 kikiwa kavu, mzani ukapanda 10.1: jibu ni 3.1, sawa kabisa na nuumiti. Kioo cha uzito huo kingeupandisha mzani hadi karibu 12.5. Wanaopata majibu ya ajabu, mara nyingi ni viputo vya hewa vilivyoganda kwenye nyufa. Tone la sabuni ndani ya maji huviondoa.

Jiwe la tatu ni la Isua, eneo la Grinlandi lenye miamba ya kale sana: mistari myeusi ya magnetiti, madini ya chuma, ikipishana na kwatzi. Sumaku ya friji inalinasa. Lebo inasema "miaka bilioni 4", andika 3.7 na kuendelea kidogo. Kijitabu kinadai pia kwamba Isua ina visukuku vya viumbe wa kale kuliko wote, kana kwamba jambo limekwisha. Kikundi cha Allen Nutman kilitangaza hivyo mwaka 2016, lakini mwaka 2018 kikundi cha Abigail Allwood kiliyachunguza maumbo yale yale kikaona yametokana na mwamba kubanwa.

Jiwe la sabuni ni zuri, ila mwenye kipande cha Tabaka, Kisii, hatashangazwa nalo. Amfiboliti, mwamba uliojaa amfiboli, na nyinginezo ni kokoto tu.

Vipande vya hadubini vinatakiwa viwe na unene wa mikrometa 30. Kati ya filamu mbili za kupolarisha mwanga zilizowekwa msalaba, kwatzi ionekane kijivu hadi nyeupe. Viwili viko sawa. Cha tatu, shisti (mwamba wa matabaka uliobanwa) yenye madini ya ganeti, kinaonyesha kwatzi ya njano, maana yake hakikusagwa vya kutosha. Ganeti yenyewe inabaki nyeusi hata ukizungusha kioo, kama inavyopaswa. Darasani kinatosha, ila mwanafunzi akilinganisha rangi na chati atapotea.

Duka linauza pia, kwa nyongeza, "kipande halisi cha Antaktika". Kiache. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, inayotumika tangu 1998, inakataza shughuli zote za madini huko isipokuwa utafiti wa kisayansi, na kipande hicho hakikuja na karatasi yoyote. Mwalimu anayetaka ndugu wa miamba ya Lützow-Holm, sehemu ya Antaktika inakokaa stesheni ya Kijapani ya Syowa, achukue nisi, mwamba wenye mistari, ya Taita Taveta au Merelani: zote zilipikwa wakati Gondwana, bara kuu la kale, lilipokuwa likiungana, kati ya miaka milioni 650 na 500 iliyopita.

Ukiwaandikia watakuuzia moja moja. Agiza rubi na Isua. Nuumiti iagize ikiwa ghafi, haijakatwa, na omba jina la mahali ilipopatikana liandikwe kwenye risiti, maana kwenye lebo zao zote mahali palipotajwa ni "Grinlandi" tu.