HestiaCP kwenye seva ya GB 2: paneli ya kuanzia kwa aliye Kisumu au Nakuru

Mwenye duka la vipuri Kondele au nyumba ya wageni Nakuru akikodi seva pepe kwa mara ya kwanza, kwa kawaida huchukua ya RAM GB 1 au 2. RAM hiyo ndiyo inayoamua paneli (programu ya kusimamia seva na tovuti kupitia kivinjari), si uzuri wa vitufe. cPanel ni imara, ila leseni yake hulipwa kila mwezi kwa dola, na kwa tovuti moja inaweza kuzidi kodi ya seva yenyewe. Webmin ni ya bure na ina uwezo mkubwa mno kwa mgeni. CloudPanel ni nyepesi, lakini haina barua pepe. Kwa anayeanza, chaguo letu ni HestiaCP: ni huria, ni ya bure, na kurasa zake zinaeleweka.

Anza na mfumo endeshi wa Debian 12 mpya kabisa, usiowekwa Apache wala MySQL (programu za tovuti na za hifadhidata). Ingia kwa SSH (njia ya kuandikia seva amri ukiwa mbali) kama root, yaani mtumiaji mkuu, kisha kabla ya lolote andika:

apt install tmux wget
tmux

Usiiruke hatua hii. Usakinishaji huchukua kama dakika 15, na stima ikipotea au bando likiisha katikati, kazi iliyo nje ya tmux hukatika na kuuacha mfumo nusunusu. Ukifika hapo, ni heri kuifuta seva na kuanza upya. Ndani ya tmux kazi inaendelea kule kule kwenye seva. Mtandao ukirudi, ingia tena uandike tmux attach. Sasa sakinisha:

wget https://raw.githubusercontent.com/hestiacp/hestiacp/release/install/hst-install.sh
bash hst-install.sh --clamav no --spamassassin no

Amri hiyo inaziacha nje ClamAV (kizuia virusi) na SpamAssassin (kichuja barua taka). ClamAV pekee hula takriban GB 1 ya RAM. Ukiiacha kwenye seva ndogo, memori hujaa, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inaiua MariaDB, programu ya hifadhidata, na WordPress inaandika kwamba imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata. Wengi huanza kuichokoa WordPress bure. Ongeza na swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) ya GB 2.

Jina la seva liwe kamili, mfano seva.jinalako.co.ke, na rekodi ya A (mpangilio wa DNS unaounganisha jina na anwani ya IP) ielekezwe kwenye IP yake kabla ya kuomba cheti cha bure cha HTTPS cha Let's Encrypt. Ukiharakisha, ombi litakataliwa. Likifeli mara 5 ndani ya saa moja, utasubiri.

Paneli hufunguka kwenye poti 8083. Ushauri wa kuiruhusu IP moja tu unafaa ofisi yenye IP isiyobadilika. Anayetumia data ya simu asiufuate: IP hiyo hubadilika na hutumiwa na watu wengi, kwa hiyo atajifungia nje. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na tovuti uiweke chini ya mtumiaji mpya, si yule wa msimamizi.

Udhaifu upo kwenye barua pepe. Watoa huduma kama DigitalOcean huzuia poti 25, inayotumika kutuma barua, hivyo barua zinakwama kwenye foleni ya Exim, programu ya barua ya seva. Barua za biashara zipelekwe kwa huduma nyingine kupitia rekodi za MX (zinazoonyesha barua za jina lako zipokelewe wapi).

Nakala za akiba nazo hukaa /backup, kwenye diski ile ile ya tovuti. Seva ikifutwa zinaenda nayo, kwa hiyo weka SFTP au Rclone (njia za kuhamisha faili) izipeleke kwingine, na punguza idadi inayohifadhiwa kwenye mpango wa mtumiaji kabla diski haijajaa.