Miaka mitatu na mkeka wa yoga wa safari: uzoefu wangu

Mkeka huu niliununua kwa sababu moja tu: safari za kikazi zilikuwa zinanivurugia mazoezi. Nikiondoka wiki mbili, narudi mgongo umekakamaa kama ubao, naanza upya. Mkeka wangu wa nyumbani una unene wa milimita 5 na huviringishwa, kwa hiyo begi la mkononi haliwezi kuumeza. Huu wa safari ni wa mpira asilia, unene milimita 1.5. Urefu wake ni sentimita 173 na upana 61, vipimo vile vile vya mikeka mingi, ila unakunjwa kama shuka na kulala chini ya nguo. Uzito ni kama kilo moja hivi.

Nianze na kasoro, maana wauzaji hawazitaji. Ukiwa mpya unanuka mpira hadi chumba kizima kinajua. Mimi niliuanika kila jioni kwa wiki tatu ndipo harufu ikaisha. Uanike kivulini, tafadhali, kwa sababu jua kali hukausha mpira asilia mpaka upasuke, na mafuta ya mwilini nayo huula taratibu. Mwenye mzio wa lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira, asiuguse kabisa. Kuhusu kushika, kiganja kikiwa kikavu au kina jasho dogo hakitelezi hata kidogo, lakini jasho likizidi utahitaji kutandika taulo juu.

Kasoro kubwa ni magoti. Milimita 1.5 juu ya vigae ni kama hujatandika kitu. Dawa niliyoipata ni kuukunja ncha moja tabaka nne pale goti linapotua. Na tatizo la sakafu ni la zamani sana: Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 6, aya ya 11, inaeleza kiti cha mwenye kutafakari, mahali safi, pasipo juu mno wala chini mno, pametandikwa nyasi ziitwazo kusha, ngozi na kitambaa. Tabaka tatu! Mikeka hii ya kunata ni mambo ya juzi tu. Mwalimu wa yoga Angela Farmer, alipokuwa akifundisha Ujerumani, alikata kipande cha ile sponji inayowekwa chini ya zulia lisiteleze, wanafunzi wakaona kinafaa.

Sasa niseme kwa nini naupa nyota nne badala ya tatu. Kwa kuwa mkeka niko nao kila ninakokwenda, nilianza kuingia kwenye kumbi za watu nisiowajua. Zamani nilikuwa najifungia chumbani.

Safari moja niliingia darasa la Ashtanga, ule mtindo ambao K. Pattabhi Jois aliufundisha Mysore, India, na ambao darasa lake la pamoja huongozwa kwa kuhesabu kwa Kisanskriti. Mwalimu alitusalimia kwa lugha ambayo sikuambulia hata neno. Nikasema leo nimepotea. Kisha akatamka "ekam", moja, na ukumbi mzima ukavuta pumzi na kunyanyua mikono. "Dve", mbili, tukatoa pumzi na kuinama. Salamu ya jua ya kwanza, mfululizo wa mikao ya kufungulia darasa, ina hesabu tisa, na ilipofika ya tisa nilikuwa sina wasiwasi tena. Katika mtindo huu pumzi hupitishwa kooni kwa mvumo mdogo, na mvumo huo wa watu zaidi ya ishirini kwa pamoja unausikia hadi kifuani. Sijawahi kukaribishwa hivyo mahali popote bila kuulizwa jina.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba miili yetu ni sawa. Watu wa yoga hupenda kusema "sote ni wamoja" haraka mno. Tulipofika kwenye kuchuchumaa, wengine walishuka mara moja, visigino vimetulia sakafuni. Wengine visigino vilining'inia na ikabidi wakunje mkeka kuviegemeza. Si uvivu. Maungio ya nyonga hayana umbo moja kwa kila mtu, mapaja hayalingani urefu, na aliyekulia kwenye kiti ana vifundo tofauti na aliyezoea kukaa chini. Mwalimu mzuri anaviona hivyo na hamkandamizi mtu.

Nilichokiona kinafanana ni kingine. Paja likianza kutetemeka kwenye mkao wa shujaa, kila uso unajikunja vile vile, na kila mtu anaanza kuiba pumzi. Kwenye mkao wa mti, ukisimama kwa mguu mmoja, unatakiwa kukodolea macho kitu kisichosogea. Mimi nilimkodolea mzee aliyekuwa mbele yangu. Akayumba, nikayumba, mguu wangu ukatua, na nyuma yangu nikasikia mwingine ukitua, halafu mwingine. Hakuna aliyekuwa ameguswa. Mzee aligeuka akatutazama, akapandisha mguu wake polepole, nasi tukapandisha yetu.

Baadaye ukaja mkao wa ngamia, wa kupiga magoti. Mama aliyekuwa kushoto kwangu alikuwa na mkeka wa kuazima usiomtosha, magoti yake yako kwenye sakafu tupu, na nilimwona akiuma midomo. Nikauvuta wangu, nikaukunja tabaka nne, nikausukuma chini ya magoti yake. Alitazama magoti yangu, yaliyobaki kwenye mbao. Akaukunjua mkunjo mmoja, ukawa tabaka mbili na upana wa kututosha wawili, akaupigapiga kwa kiganja: njoo. Tulifanya mkao ule mabega yakigusana, pumzi tano, kisha tano nyingine. Hatukuwa na lugha ya kushukuriana, akanishika tu kifundo cha mkono, akakibana kidogo, akaachia.

Mkeka mnene wa milimita 5 usingekunjika hivyo. Nauona wembamba huu tofauti tangu siku ile, ingawa bado unaniumiza magoti nikiwa peke yangu hotelini.

Kuosha ni rahisi: maji baridi, sabuni kidogo, unaukung'uta na kuutundika. Usiusokote, utachanika. Ukifika safari siku ya kwanza mikunjo itainuka pembeni, ulaze kwa upande wa pili usiku mmoja na itatulia.

Wangu umeanza kumomonyoka pale viganja vinaposukuma, jambo ninaloliona la haki kwa miaka mitatu ya kukunjwa na kukunjuliwa. Nimeshaagiza mwingine wa aina ile ile. Huu wa zamani nitaukata vipande viwili vya magoti, kimoja changu, cha pili kikae begini kwa yeyote atakayekuwa jirani.