Canon 50mm f/1.8 STM kwa mpiga picha wa Dar: uzoefu wangu

Wadau wanaoanza na kamera za Canon huwa na swali moja: nibadili bodi (kamera yenyewe bila lenzi) au ninunue lenzi? Jibu langu ni lenzi, na ya kwanza kununua ni EF 50mm f/1.8 STM (STM ni aina ya mota yake ya fokasi). Mimi naitumia kwenye 700D. Tatizo ni kwamba wengi wanaifuata kwa sababu isiyo yenyewe. Wanataka nyuma ya picha iwe ukungu mtupu, basi wanaiacha f/1.8 (tundu la lenzi likiwa wazi kabisa; namba ya f ikipanda, tundu linafunga) tangu asubuhi hadi usiku, halafu wanalalamika kwamba haitoi picha kali.

Unachonunua hapa ni mwanga. Ile 18-55 inayokuja na bodi, ukiivuta hadi 50mm, mwisho wake ni f/5.6. Hii ikifunguka f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10. Kwa vitendo, pale kwa muuza mishikaki wa usiku ulipokuwa unalazimika kupandisha ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) hadi 6400, sasa unapiga kwa 640 na kasi ya shata ni ileile. Kwa bodi za bei ya chini hiyo ndiyo tofauti kati ya chengachenga na picha ya kuchapisha.

Hapohapo kwenye taa kuna mtego. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo tyubu na taa nyingi za LED za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona. Ukipiga kwa 1/250 au zaidi, fremu moja itatoka njano, inayofuata ya giza, nyingine ina mstari mpana katikati. Rudi 1/100 na tatizo linaisha. Usishuke chini ya hapo ukiwa umeshika kwa mkono, maana lenzi haina kituliza mtikisiko, na kwenye sensa ndogo za kina 700D na 1200D inaona kama lenzi ya 80mm kwenye sensa kubwa.

Mchana shida inageuka. Coco Beach jua likiwa utosini, ISO 100, f/1.8 inadai kasi ya 1/8000, na bodi hizi zinaishia 1/4000. Picha inaungua, na si kosa la lenzi. Funga hadi f/2.8, kasi itashuka kwenye 1/3200 hivi. Ukiing'ang'ania f/1.8 nunua filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) ya stopu 3, yaani inayopitisha moja ya nane ya mwanga, kipenyo 49mm. Hakikisha ni 49, kwa sababu ile ya zamani, toleo la II la mwaka 1990, ilikuwa 52 na wauzaji wanazichanganya. Mimi mchana naiweka f/2.8 hadi f/4 na sioni ninachokosa. Ukali unapanda sana, na ile rangi ya zambarau inayong'ang'ania kingo za mabati na mashua nyeupe inapungua kwa kiasi kikubwa.

Sasa kuhusu fokasi, maana hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Mtu akiwa mita 1.5 mbele yako, f/1.8 kwenye sensa ndogo inakupa kina cha sehemu iliyo kali cha sentimita 6 tu. Mita 1, chini ya sentimita 3. Yaani ukifokasi kwenye ncha ya pua, macho yameshaondoka. Na ukifokasi kwa nukta ya katikati kisha ukazungusha kamera kupanga fremu, umeshahama sentimita zile ulizokuwa nazo. Kwa picha ya uso chagua nukta inayoangukia kwenye jicho la karibu, kaa mita 1.5 hadi 2, f/2.8, kasi 1/200. Kwa watu wawili waliosimama bega kwa bega f/4 inatosha. Kwa familia ya safu mbili nenda f/5.6 au f/8 na urudi nyuma.

Kama bado macho hayakai, pima kabla ya kutukana lenzi. Weka rula mezani, kamera juu ya tripodi iitazame rula kwa pembe ya digrii 45, umbali wa mita 1, f/1.8. Fokasi kwenye sentimita 15 kupitia kitundu cha kuchungulia, piga. Fokasi tena palepale kwa kutumia skrini, piga. Fokasi ya skrini inasomwa na sensa yenyewe, kwa hiyo ikiwa picha ya skrini ni kali na ya kitundu imekwenda 13 au 17, bodi na lenzi hazisomani. Bodi za daraja la chini hazina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu. Ama utumie skrini kwa picha za uso, ama ubadilishane lenzi na muuzaji kabla hajakusahau.

Mota ya STM ni tulivu kuliko ya toleo la II, ambayo ilikuwa inakwaruza hadi mtu anageuka. Kimya kabisa si kweli. Kwenye video, maikrofoni ya kamera inaisikia kidogo. Jambo ambalo wauzaji hawasemi ni kwamba pete ya fokasi inaendeshwa kwa umeme. Kamera ikiwa imezimwa unaweza kuizungusha hadi kesho, hakuna kitakachosogea. Na mdomo wa mbele hutoka nje unapofokasi karibu. Ukizima kamera mdomo ukiwa nje, kisha ukaisukumiza kwenye begi, unakandamiza gia. Kabla ya kuzima, fokasi kwenye kitu cha mbali ili urudi ndani. Kinga ya jua, ES-68, inauzwa kando. Inunue, inapokea makofi badala ya mdomo.

Ukinunua iliyotumika, iwe Kariakoo au kwa mtu, angalia mdomo wa nyuma kwanza: STM ina kishikio cha chuma, toleo la II ni plastiki. Kisha washa tochi ya simu, imulike kwa nyuma huku ukichungulia kwa mbele. Vumbi kidogo halina madhara. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni fangasi, na hapo acha hata akushushie nusu bei, maana kufungua na kusafisha kunaweza kula ulichookoa. Weka f/16, kasi ya sekunde 1, piga huku ukitazama kwa mbele: blade zote 7 zifunge kwa pamoja, zikiwa kavu bila mafuta.

Fangasi ndiye adui mkubwa wa lenzi katika mji huu, hasa masika. Begi la kitambaa kabatini si hifadhi. Kikopo cha chakula chenye mfuniko wa kubana na silika jeli (punje za kufyonza unyevu) ndani kinafanya kazi nzuri. Zile za rangi zikibadilika, zikaushe kwenye oveni. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 hadi 30, la sivyo kioo kitatoa jasho papo hapo. Lenzi haijazibwa dhidi ya maji, kwa hiyo ukitoka kwenye pantoni ya Kigamboni ifute chumvi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Na kwenye soko la samaki la Feri, omba ruhusa kwa wavuvi kwanza, halafu usiielekeze kamera upande wa Ikulu. Mengine mtaelewana.

Ukitaka wenzako kwenye grupu la WhatsApp wakukosoe kwa haki, tuma picha kama hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na taarifa za f, kasi na ISO zinafutwa, kisha watu wanabaki kubishana kama ukungu ni wa fokasi au wa mtikisiko. Ukitazama mwenyewe, vuta 100%: kama kuna kitu chochote kikali mbele au nyuma ya mtu, fokasi ndiyo iliyokosea. Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, ni mkono.

Nani asiinunue? Anayepiga sana ndani ya vyumba vidogo, shughuli za sebuleni na mikutano ya ofisini. Kwenye 700D, 50mm ukutani haina pa kurudi nyuma. EF-S 24mm f/2.8 STM itamfaa zaidi, ingawa anapoteza mwanga. Na mwenye bodi ya Canon ya mfululizo wa R (zile zisizo na kioo ndani) asiihangaikie hii pamoja na adapta, kuna RF 50mm f/1.8 ya mwaka 2020 inayofunga moja kwa moja. Filta zake ni 43mm, kwa hiyo zile za 49 hazitaingia.