Canon 2000D au Nikon D3500?

Kamera zote mbili zilitoka 2018, zote zina megapikseli 24, na kwa picha ya mtoto aliyetulia barazani hutaona tofauti. Kazi huanza anapokimbia. D3500 hupiga picha 5 kwa sekunde, 2000D 3 tu. Kwenye penalti, hizo mbili za ziada ndizo zinazoweza kunasa mguu ukigusa mpira. Vituo vya kulenga, yaani sehemu za picha ambazo kamera inaweza kulengea, Nikon ina 11, Canon 9, jambo lisilonikosesha usingizi: mimi hutumia cha katikati tu.

Betri? Kwa vipimo vya kiwandani Nikon hufikisha picha 1,550, Canon 500. Mashindano ya siku nzima na Canon, beba ya akiba.

Ila Canon ina Wi-Fi, Nikon Bluetooth pekee, na bibi anayesubiri picha WhatsApp hana subira. Halafu lenzi za mtumba: za Canon za aina ya EF zina mota ndani, hulenga zenyewe, za Nikon za zamani zisizo na mota utalenga kwa kuzungusha lenzi kwa mkono.

Mwenye mtoto kwenye timu ya shule aanzie Nikon. Mwenye sherehe za sebuleni, Canon. Ukiwa na ndugu mwenye lenzi za kuazima, nunua chapa yake.