TAHADHARI kwa watafiti: majarida ya kitapeli yanateka makala zenu

Ndugu watafiti, na hasa ninyi mnaosubiri makala moja tu ichapishwe ndipo mhitimu au mpandishwe cheo, naomba msome tahadhari hii kabla hamjamtumia mtu yeyote muswada wala ada. Barua pepe za mwaliko zinazozunguka siku hizi zimeandikwa kwa ustadi, na wanaonaswa si wajinga wala wazembe. Ni watu wenye tarehe ya mwisho mbele yao, na tapeli anaijua hiyo tarehe.

Barua yenyewe ina sura inayojirudia. Inakuita "Mheshimiwa Profesa" hata kama ndiyo kwanza umeanza uzamili. Inataja kichwa cha makala uliyoandika zamani au mada uliyowasilisha kwenye kongamano, inasema bodi ya wahariri imevutiwa nayo sana, kisha inaomba makala mpya kwa ajili ya toleo maalumu linalofungwa baada ya siku chache. Mara nyingi fani haiwiani: mtu wa isimu anaalikwa kwenye jarida la magonjwa ya moyo. Uhakiki, yaani makala kusomwa na kupimwa na wataalamu wa fani, unaahidiwa kwa saa 72 au wiki moja. Kuna punguzo ukiwahi, kuna cheti cha uchapishaji, na ada yenyewe ama haitajwi kabisa ama inatajwa kwa namna ambayo hujui utalipa kiasi gani hadi uambiwe makala imekubaliwa. Hapo kwenye ada kufichwa ndipo ninapowaomba msimame. Jarida halali huweka ada zake zote wazi kwenye tovuti kabla hujawasilisha chochote. Ni wajibu wake: COPE (kamati ya maadili ya uchapishaji), DOAJ (saraka ya majarida yanayosomwa bure), OASPA (chama cha wachapishaji wa majarida hayo) na WAME (chama cha wahariri wa majarida ya tiba) walitoa kwa pamoja kanuni za uwazi katika uchapishaji wa kitaaluma mwaka 2013, na kutangaza ada mapema ni mojawapo ya kanuni hizo.

Tuelewane pia kwamba kutozwa ada peke yake hakumaanishi umetapeliwa. Majarida mengi halali ya ufikiaji huria humtoza mwandishi ili msomaji asome bure, na mengine hayamtozi mtu yeyote. Angalia kinachofanyika baada ya muswada kupokelewa. Jarida lenye maadili lina mhariri anayeusoma kwanza, akaona kama unafaa, kisha akawapelekea wataalamu wa fani wasio na maslahi nawe. Hao huandika kasoro, maswali na mapendekezo. Mhariri anaamua kwa kupima hoja zao, na suala la nani kalipa au hajalipa halimfikii. Kazi hiyo huchukua wiki, mara nyingi miezi. Tapeli anauza jina la kazi hiyo bila kuifanya, ndiyo maana anaweza kukuhakikishia kukubaliwa kabla hajafungua faili lako.

Ushahidi upo. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, akaweka ndani yake makosa ambayo mhakiki makini angeyaona mara moja, akaipeleka kwa majina ya watafiti na taasisi zisizokuwepo. Aliipeleka kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science. Mwaka 2017 watafiti wa Poland walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyomuunda msomi wa kubuni, asiye na makala halisi hata moja wala uzoefu wa uhariri, wakamwombea nafasi ya uhariri katika majarida 360. Majarida 48 yalimkubali, 40 kati yake yakitoka kwenye orodha ya majarida yenye shaka iliyokuwa ikitunzwa na mkutubi Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver. Na mwaka 2019 mahakama ya shirikisho huko Nevada, Marekani, iliiamuru kampuni ya OMICS kulipa zaidi ya dola milioni 50, katika kesi iliyofunguliwa na FTC, tume ya biashara ya nchi hiyo, mwaka 2016. Madai yalikuwa yale yale ninayowaeleza: uhakiki usiofanyika, majina ya wasomi kuwekwa kwenye bodi bila ridhaa yao, na ada kufichwa hadi mwisho.

Wengi hudhani hasara yote ni pesa. Pesa zinauma, lakini kinachopotea kabisa ni makala. Maadili ya uchapishaji yanataka muswada mmoja uwe mbele ya jarida moja kwa wakati mmoja, na makala iliyokwishachapishwa mahali pengine haipokelewi tena kama kazi mpya. Ni kanuni nzuri, inawalinda wahakiki wasifanye kazi moja mara mbili na inamlinda msomaji asihesabu utafiti mmoja kama tafiti mbili. Tapeli anaigeuza kuwa pingu. Anapandisha muswada wako kwenye tovuti yake haraka, au anakudai "ada ya kuondoa makala", huku akijua kwamba ukikataa kulipa bado huwezi kwenda kwingine kwa amani.

Nimewahi kuhakiki muswada mzuri, wenye data iliyokusanywa kwa uangalifu mkubwa. Nilipotafuta kichwa chake mtandaoni niliikuta makala ile ile kwenye tovuti ya jarida nisilolijua, neno kwa neno, hata makosa ya tahajia ya rasimu yakiwa vilevile. Mwandishi alipoulizwa na mhariri alieleza kwamba aliituma huko kwanza, akaingiwa na shaka walipodai ada kesho yake, akaandika kuiondoa. Walimdai malipo ya kuiondoa. Alipokataa, wakaichapisha. Mhariri hakuwa na budi kuirudisha. Utafiti ule, uliostahili kusomwa, umebaki kwenye tovuti ambayo hakuna mtaalamu wa fani ile anayeiamini. Liliniuma lile jambo, na linaniuma mpaka leo.

Na kuna msomaji. Makala ya tiba isiyohakikiwa inatokea kwenye Google Scholar, mtambo wa kutafutia makala za kitaaluma, sawa na makala iliyopimwa na wataalamu, inanukuliwa, inaingia kwenye mapitio ya tafiti, na huko mbele kuna mgonjwa. Hapo ndipo ninapokosa subira na wanaosema "ilimradi imechapishwa".

Aina nyingine ni ngumu zaidi kuigundua: jarida la kweli lililotekwa. Tapeli anachukua jina la jarida halali, namba yake ya utambulisho (ISSN) na sura ya jalada lake, anafungua tovuti inayofanana na ya kwao, kisha anapokea miswada na malipo. Anapenda majarida yasiyo na tovuti imara, au yaliyosahau kulipia anwani ya tovuti yao ikachukuliwa na mtu mwingine. Mtafiti anakagua jina, analikuta kwenye orodha zinazoheshimika, anaridhika, kumbe anazungumza na mtu mwingine kabisa. Makala za majarida ya namna hii zimewahi kupenya hata kwenye Scopus, kanzidata inayoheshimika ya makala za kitaaluma. Tangu 2022 Retraction Watch, tovuti inayofuatilia makala zilizobatilishwa, wanatunza orodha ya majarida yaliyotekwa, wakishirikiana na mtafiti Anna Abalkina. Itazameni. Na msibofye kiungo kilichomo kwenye barua ya mwaliko; tafuteni anwani ya jarida kupitia vyanzo viwili tofauti, kama vile tovuti ya ISSN na ukurasa wa chuo au chama kinachomiliki jarida hilo, muone kama zinakubaliana.

Kuhusu mapambo yanayowekwa kwenye tovuti: ISSN ni namba ya utambulisho tu, yenye tarakimu nane, haisemi lolote kuhusu ubora. Kigezo cha athari (impact factor) kinachotambulika kinatolewa na kampuni ya Clarivate kila mwaka, na hukokotolewa kwa kuhesabu jinsi makala za miaka miwili iliyotangulia zilivyonukuliwa. Kwa hiyo jarida lililoanza mwaka huu na linalojitangaza kuwa na kigezo cha athari linasema uongo waziwazi. Zipo kampuni zinazouza namba zenye majina yanayokaribiana na hilo. Nembo ya COPE nayo hubandikwa ovyo. COPE ipo tangu 1997 na orodha ya wanachama wake iko kwenye tovuti yake yenyewe, hivyo thibitisheni huko. Kwa majarida ya ufikiaji huria tafuteni DOAJ, saraka iliyoanza 2003 na inayoyachuja majarida kabla ya kuyaorodhesha, bure kwa kila mtu. Kampeni ya Think. Check. Submit., iliyoanza 2015, ina maswali mafupi ya kujiuliza kabla ya kuwasilisha. Halafu fanyeni jambo ambalo watu wanalikwepa kwa sababu wanaona haya: someni makala tatu au nne za jarida hilo, na muandikieni mtu mmoja aliyetajwa kwenye bodi mumuulize kama kweli yumo.

Nije kwenye biashara ya majina, maana sasa inatangazwa hadi kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Unaambiwa kuna makala imeshakubaliwa, nafasi ya mwandishi wa kwanza ni bei hii, ya tatu bei ile. Ukinunua hapo, wewe si mteja aliyedanganywa, umeshiriki kudanganya. Vigezo vya uandishi vya ICMJE, kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, viko vinne na vyote lazima vitimie: uwe umechangia kwa kiasi kikubwa wazo, data au uchambuzi, uwe umeandika au kuusahihisha muswada kwa kina, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na uwe tayari kuwajibika kwa kila sehemu ya kazi. Aliyelipia nafasi hatimizi hata kimoja kwa haki.

Wala msidhani jina kubwa la mchapishaji linawakinga. Mwaka 2023 zaidi ya makala 8,000 zilibatilishwa katika majarida ya Hindawi, yaliyokuwa chini ya Wiley, na mlango mkuu wa viwanda vya makala za kughushi, yaani wanaotunga makala na kuziuza, ulikuwa matoleo maalumu yaliyosimamiwa na wahariri waalikwa. Makala ikibatilishwa haifutiki kimya kimya. Tangazo la kubatilishwa linabaki pale pale likiwa na jina lako.

Kwa ambaye tayari ameshatuma muswada na sasa ana wasiwasi: usilipe chochote zaidi. Andika barua pepe fupi ukisema unauondoa muswada, kwamba hujahamisha hakimiliki na huruhusu uchapishwe. Kama ulitia saini fomu ya hakimiliki, itafute nakala yake na usome ilisema nini. Tunza barua zote zenye tarehe, piga picha za kurasa za tovuti zao, kwa kuwa hubadilika. Waambie waandishi wenzako leo leo, usisubiri wagundue wenyewe. Kama ulilipa kwa kadi, wasiliana na benki yako upinge malipo hayo mapema iwezekanavyo. Wakikutumia vitisho vya mahakamani usivijibu kwa pesa. Vipeleke kwa ofisi ya sheria au ya utafiti ya taasisi yako. Na utakapopeleka kazi kwingine, mweleze mhariri mpya ukweli wote kwenye barua ya kwanza kabisa, pamoja na ushahidi wa kuiondoa. Wahariri wengi wanaujua mchezo huu na watakusikiliza. Akigundua mwenyewe katikati ya uhakiki, utaonekana wewe ndiye uliyevunja maadili.

Wasimamizi wa wanafunzi, nanyi mna sehemu yenu. Mwanafunzi anayeambiwa "lete makala mbili mwisho wa mwaka" bila kuelekezwa pa kuzipeleka anaachwa mikononi mwa hawa watu. Mpeni majina ya majarida mnayoyasoma ninyi wenyewe, na mwaliko ukimjia ausome pamoja nanyi kabla ya kujibu.

Na wale mnaoombwa kuwa wahariri: msikubali kwa sababu ya heshima ya cheo tu. Ulizeni nani anamiliki jarida, nani anachagua wahakiki, na kama mtaiona miswada kabla haijachapishwa. Tafuteni pia majina yenu mtandaoni mara kwa mara. Ukijikuta kwenye bodi ambayo hukuwahi kuijua, dai kwa maandishi utolewe, na wasipokutoa, weka kwenye ukurasa wako wa kitaaluma tamko kwamba wewe si mjumbe wa bodi hiyo, ukilitaja jarida kwa jina, ili anayekagua bodi hiyo akutane nalo.