Siku tatu kwenye uwanja wa shabaha, njia ya Kipushi: uzoefu wangu

Nimeenda mara tatu sasa, ya kwanza mwezi wa sita katikati ya baridi, ya mwisho Jumamosi iliyopita. Ni uwanja wa watu binafsi nje ya Lubumbashi, Kongo, upande wa Kipushi. Jina silitaji kwa sababu nina lalamiko, na nimeshalipeleka kwa wenyewe.

Kwanza niseme kilichonipeleka. Mimi ni mtu wa kuogopa mlio. Tarehe 23 Machi 2013, wapiganaji walipoingia mjini, nililala sakafuni na watoto wangu wawili chini yangu, na tangu siku ile hata fataki za harusi zinanitoa jasho. Ukoo wa mume wangu una wawindaji wa zamani, bunduki kwao ni chombo kama jembe. Nilichoka kuwa mtu anayetoka chumbani kila mazungumzo yakifika hapo. Nilitaka kukijua kitu chenyewe, mchana, mbele ya mtu anayekielewa.

Nililipa dola 40 kwa saa mbili: mwalimu, miwani, kaske ya masikio na risasi 50 za karabini ya 22, bunduki nyepesi ya risasi ndogo. Mlangoni unaacha kadi ya uchaguzi na unaandikwa kwenye daftari. Silaha zote ni zao na hazitoki pale; nchini kwetu silaha zinaongozwa na amri-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na bila kibali usijaribu hata kuuliza kama unaweza kubeba ya nyumbani.

Saa nzima ya kwanza sikugusa risasi. Mwalimu, mzee mmoja wa maneno machache, alinipa karabini tupu yenye uzi wa rangi ya machungwa ndani ya mtutu, ule unaoonyesha kwa mbali kwamba hakuna kitu ndani ya chumba cha risasi, akanifundisha zile kanuni nne zinazotokana na Jeff Cooper, mwalimu wa bunduki Mmarekani: kila bunduki ihesabu kuwa imejaa, mdomo wake usiuelekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka macho yawe kwenye shabaha, na ujue shabaha yako ni nini na nyuma yake kuna nini. Hii ya nne aliieleza kwa kichuguu. Nyuma ya uwanja kuna vichuguu vikubwa kama nyumba, vile vyetu vya Katanga, na nilidhani ni ukuta mzuri wa kuzuia risasi. Akakataa. Udongo wa kichuguu umekauka na kuwa mgumu kama tofali, risasi inaweza kuugonga ikaruka pembeni, na risasi ndogo ya 22 ikipata njia huenda zaidi ya kilomita moja. Tuta lao wamelijaza udongo laini na mchanga, mrefu kuliko mtu mara mbili. Kwa hilo nawapa alama zote.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Siku ya pili nilikuwa mstarini, risasi ya sita au ya saba, nimeanza kupata utulivu. Nyuma yangu nikasikia sauti naijua: "Jambo, bibi yetu!" Alikuwa mjomba wa mume wangu, mzee wa miaka sabini na zaidi, amekuja kumtembelea rafiki yake pale. Wasomaji wa kwetu wataelewa mara moja. Mjomba wa mume anakusalimu, wewe mke wa kijana wake, halafu unampa mgongo? Mwili uliitika kabla ya akili. Niligeuka, magoti yakianza kukunjika, midomo ikisema "Jambo baba," na mikono ilikuwa bado imeshika karabini yenye risasi chumbani.

Haikufika mbali. Mwalimu alikuwa nyuma ya bega langu la kulia, na mkono wake ulikuwa kwenye mtutu kabla sijageuka robo. Aliurudisha mbele, taratibu, akasema kwa sauti ile ile ya kila siku: "Mama, tuta liko kule." Kisha akaitoa risasi chumbani, akaweka ule uzi wa machungwa, akanikalisha chini. Nilitetemeka kwa dakika kumi. Kidole changu kilikuwa nje ya kifyatulio, namshukuru Mungu na ile saa ya kwanza yenye kuchosha.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyeomba radhi, na hilo liliniumiza zaidi. Mwalimu akatueleza sote wawili kwamba kwa miaka yake pale, wageni wanaomtisha siyo wakaidi. Mkaidi anamwona tangu mlangoni. Wanaomtisha ni wenye adabu, wale ambao mtu akiwaita lazima wageuke, akiwapa mkono lazima waupokee. Ndiyo maana kuna mstari mwekundu wa rangi sakafuni, na ukishauvuka hakuna salamu, wala pole, wala hongera. Mtu akikuita, hujibu. Unamaliza, unatoa risasi, unaweka silaha chini mdomo ukiwa mbele, unarudi nyuma ya mstari, ndipo unapiga magoti hata mara tatu ukitaka. Kwangu huu ndio ufundi mkubwa nilioununua pale, na ni mgumu kuliko kulenga, kwa sababu tumelelewa kinyume chake.

Ningependa mstari huo uelezwe kwa wasindikizaji pia. Sisi tunaopiga tunapewa somo. Anayekuja kukaa kwenye viti vya nyuma anapewa soda tu. Mjomba hakuambiwa chochote mlangoni.

Simu wanaziweka ndani ya sanduku la mbao, na hapo hawana mchezo. Lakini simu nyingine inabaki kichwani. Siku ya tatu lori letu lilikuwa limekwama mpakani Kasumbalesa siku ya nne (nafanya kazi ya forodha), na kila nilipofumba jicho la kushoto niliona makaratasi. Nilipiga nje ya karatasi ya shabaha mara tano mfululizo. Mwalimu hakunirekebisha mkono wala bega. Aliniuliza: "Uko hapa?" Nikasema hapana. Akanituma kunywa maji, na muda ule hakuuhesabu kwenye saa zangu.

Kuna pia ile risasi inayogoma. Unavuta, inasikika "tik", basi. Hamu ya kwanza ni kugeuka umwonyeshe mwalimu, au kuchungulia mdomo wa bunduki. Usifanye hata moja. Baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Unabaki umeelekeza kwenye shabaha, unahesabu mpaka 30, ndipo unafungua. Ilinitokea mara mbili kwa risasi 150.

Masikio sasa, na hapa akina dada wanisikilize. Karabini ya 22 hukaribia desibeli 140 (ndicho kipimo cha kelele) na bastola ya milimita 9 hufika karibu na 160, wakati kiwandani kelele ya 85 kwa saa nane tayari ni hatari. Sikio lililoharibika kwa mlio halirudi. Kaske zao ni nzito na nzuri, ila mbili nilizojaribu mito yake ilikuwa imepasuka, na kaske haikingi kama hewa inapita pembeni. Misuko minene inapitisha hewa, hereni na kilemba vilevile. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani masikio yakilia mpaka usiku. Siku zilizofuata nilifunga nywele nyuma, nikavaa vizibo vya sifongo ndani na kaske juu yake. Vizibo nilivinunua mwenyewe, uwanja hauna.

Usivae libaya (blauzi) la shingo pana. Ganda la risasi linatoka likiwa moto na linapenda kuingia kifuani. Dada mmoja kibanda cha jirani lilimwingia, akaruka, bastola mkononi ikaruka naye. Shati lenye kola, viatu vilivyofunika vidole.

Halafu sabuni. Kiswahili chetu kinaita risasi kile kinachotoka mtutuni na pia yale madini yenyewe, na kweli ni kitu kimoja: vumbi lake linabaki mikononi na kwenye nguo. Hakuna kula mstarini, na mjamzito asije kabisa. Unanawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula, na nguo zile hazifuliwi pamoja na za watoto. Wanalisema hilo vizuri, lakini siku ya pili umeme ulikuwa umekatika, pampu imelala, na bomba pekee halikuwa na tone. Watu wakakaa kula bukari (ugali) na samaki kwa mikono ile ile. Mimi nabeba kidumu changu cha maji na kipande cha sabuni ndani ya gari.

Lalamiko langu kubwa ni ua wa nyuma. Mji wetu unaishi kwa shaba, na maganda ya risasi ni shaba na zinki. Watoto wa vijiji vya karibu wanajua kabisa yanauzika. Bendera nyekundu ikipanda wanatakiwa kukaa mbali, lakini uzio umekatika sehemu mbili. Jumamosi iliyopita, nikiwa nimekaa nyuma nasubiri zamu, niliona majani yanatikisika pembeni ya tuta, kisha kichwa cha mtoto wa miaka minane hivi, na ndoo.

Siku ya kwanza walituambia kwamba yeyote, hata mgeni wa dakika tano, anaweza kupiga kelele ya "Stop". Nilipiga. Watu wanne walikuwa mstarini, wawili kati yao wazoefu wa miaka mingi, na wote wanne waliacha hapo hapo, vidole nje, silaha mezani, hatua moja nyuma. Hakuna aliyeuliza kwanza nani ameita au kwa nini. Mlinzi akaenda kumchukua mtoto, akamrudisha kwao akilia. Shabaha hazikufunguliwa tena siku hiyo, na waliturudishia nusu ya pesa bila sisi kudai.

Kwa mwalimu, kwa tuta, na kwa wale wanne walioacha mara moja, natoa alama nne juu ya tano. Kwa ua, sabuni na mito ya kaske sitoi kitu. Msimamizi ameniahidi uzio utashonwa kabla ya mvua. Mwanangu mkubwa ana miaka kumi na saba na ananiomba nimpeleke. Nimemwambia nitapita kwanza mwenyewe nizunguke tuta kwa miguu.